Kipara cha Mpira

Shilingi hamsini, Ngamiani, barabara ya tisa:
tulikalia makreti ya soda yaliyofudikizwa,
naye Semkiwa, maiki yake imefungwa kwa tyubu ya baiskeli,
akawagawia Wachina sauti.

Mtawa mwenye nyusi nyeupe alisema kwa lafudhi ya Muheza.
Jambazi wa mtoni alidaiwa kodi ya pango, miezi mitatu.
Bibie wa nyumba ya chai, upanga kaficha ndani ya joho,
alimwambia mfalme: "Usinione nimenyamaza, mwenzio nina yangu."
Na mwalimu alipokufa, damu kidevuni, theluji inaanguka
(theluji! tulidhani mto wa sufi umepasuka),
Semkiwa aliteremsha sauti, akatangaza:
"Maziko baada ya alasiri. Wanawake leteni vyombo."
Tulilia. Wallahi tulilia.

Kisogoni bado nina kovu la kifuniko cha bati
alichonirushia Mtoo kwa heshima ya hekalu.

Mwaka ule kiwanda cha saruji kilileta fundi wa tanuri,
Luo, mwembamba, mpenda mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kuliza.
Semkiwa akampa kreti la mbele: leo kaja mwenye mali.
Mwenye mali akacheka tusipocheka.
Kisha akaanza kunyoosha kidole.

Kofia hii, alisema kwa Kiswahili chake cha zege,
imezaliwa miaka mia mbili baada ya vita hivi.
Nyumba ya kaskazini, watu wa kusini.
Chai haimiminwi hivyo mbele ya mkwe.
Na mtawa huyu, tazameni nyuma ya sikio.

Tukatazama.
Mshono.
Kipara cha mpira, kimekunjamana pale shingo inapoanza,
na tangu usiku ule, filamu mia, sijaona kingine.

"Basi ya kweli ikoje?" Semkiwa aliuliza,
na maiki ilikuwa bado inawaka, swali likasikika mpaka sokoni.
Luo alimaliza muhogo wake kwanza.
Kijijini kwa bibi yake, alisema, palikuwa na fundi viatu.
Kila alfajiri, nyuma ya banda la nguruwe,
alinyanyua mkono kama mtu abebaye maji asiyotaka kuyamwaga.
Magoti yalilia. Hakuna aliyetazama.
"Haruki. Hajawahi kuruka. Anapumua tu."

Akatuharibia. Nilimchukia miaka,
nikamwita mchoyo, mwizi wa mabawa.

Mpaka juzi, Makorora, sebuleni kwa shangazi Mwanamkuu.
Runinga ilituonyesha Pwani yetu, kazi ya watu wa mbali:
bahari sawa, milango ya nakshi sawa,
udi wa harusi unafuka kama jaa linaloungua,
na bibi harusi kajifunga kanga
jina limepinduka, herufi zinaning'inia kama popo.
Shangazi hakupiga kelele.
Alifungua sanduku, akatoa doti yake,
akaisimamisha mbele ya kioo, jina likisomeka,
kama mwalimu anayesahihisha daftari.
"Hata wa kumwuliza hawakumpata? Tanga nzima hii?"

Kidole chake kilikuwa kidole cha Luo.

Na Semkiwa je? Naye alidanganya, kila usiku, kwa tikiti.
Ila uongo wake ulitaja kwao.
Tyubu ya baiskeli tuliiona. Kikohozi chake hakukikata;
mfalme alikohoa, malkia akakohoa, farasi akakohoa.
Sijui kama hilo linatosha.
Luo angesema halitoshi.

Leo kabla ya adhana nilisimama uani, karibu na pipa,
nikanyanyua mkono, polepole. Magoti yakalia.
"Nani huko?"
"Mimi."
"Unafanya nini gizani?"
"Napumua, shangazi."
"Kapumulie ndani. Kuna umande."